Rimoti ya kufundishika: nimeiridhia

Rimoti ya hom thieta yetu ilikanyagwa, nikanunua hii, inayoweza kuiga rimoti nyingine, Kariakoo kwa shilingi 12,000. Namba za kuiunganisha na hom thieta, za kwenye karatasi yake, zote ziligoma, na maandishi ni madogo mno. Kilichoniokoa ni kutafuta namba mwenyewe: unabana kitufe cha SET mpaka taa nyekundu itulie, kisha unabonyeza kitufe cha kuwashia taratibu, mara moja moja, hadi hom thieta izime. Ikizima tu, bonyeza SET papo hapo. Ukichelewa unaanza upya.

Kitufe cha besi kilikataa. Nikaazima rimoti ya jirani mwenye hom thieta kama yetu, nikazilaza mezani vichwa vikitazamana, zimeachana vidole viwili, yangu ikajifunza kitufe hicho. Sasa mama anaongeza sauti ya taarifa ya habari mwenyewe, haniiti tena. Betri haziji nayo. Nunua mbili ndogo.