The Goldfinger: nimeitazama kama mkaguzi wa hesabu

Mume wangu aliniambia ni filamu ya mapolisi, nikakaa kumridhisha tu. Haikupita muda nikamwomba aisimamishe, nikaenda kuchukua daftari. Nakagua vitabu vya vyama vya akiba na mikopo mwaka wa 12 huu, na sijawahi kuona filamu inayoonyesha wizi wa makaratasi vizuri namna hii.

Ni ya Hong Kong, ya mwaka 2023, kazi ya Felix Chong. Tony Leung ni Ching, mhandisi aliyefika mjini mikono mitupu akaishia kumiliki kampuni za mabilioni. Andy Lau ni mpelelezi wa ICAC, tume ya kupambana na rushwa ya kule, kama Takukuru yetu. Anamfuatilia Ching miaka 15. Chanzo chake ni kisa cha kweli cha kampuni ya Carrian ya George Tan, iliyoanguka mwaka 1983.

Carrian walinunua jengo la Gammon House mwaka 1980 kwa karibu dola bilioni 1 za Hong Kong, na baada ya miezi michache wakatangaza wameliuza kwa bilioni 1.68. Watu wakaona hawa wana mkono wa dhahabu, bei ya hisa ikapaa. Hisa zikawekwa dhamana benki, mkopo ukatoka, mkopo ukanunua vingine, hisa zikapaa tena. Kwenye filamu mzunguko huo unaenda kasi, na anayesoma maandishi ya Kiingereza chini anaweza kuachwa. Rudisha nyuma. Mimi nilirudisha mara tatu.

Leung ana tabasamu ambalo lingenifanya hata mimi nisaini. Lau hakupewa mengi: faili, mashahidi, nyumba isiyo na amani. Hapo nailaumu filamu. Fedha na mwanga vyote vimemwagwa kwa tapeli, sherehe juu ya sherehe, wakati kazi ya kumkamata ni ya kukaa na karatasi. Mimi niliwahi kumnasa mweka hazina wa chama kimoja kwa risiti za mbolea. Zilikuwa za miezi mitatu tofauti, lakini namba zinafuatana moja baada ya nyingine, kana kwamba muuzaji hakuwa na mteja mwingine duniani. Kuligundua hilo kulinichukua wiki mbili mezani.

Na yupo Jalil Ibrahim. Huyu alikuwa mkaguzi wa kweli, Mmalaysia, aliyetumwa na Bank Bumiputra kuchunguza mikopo ambayo kampuni yake tanzu ya Hong Kong iliwapa Carrian. Julai 1983 alinyongwa, mwili ukatupwa shambani kwenye migomba. George Tan alikuja kufungwa mwaka 1996, miaka 3 tu. Ningetoa nusu ya sherehe za Ching ili Jalil apewe nusu saa, tumwone na kalamu yake.

Hata hivyo itazameni, hasa nyie mnaoshika fedha za wenzenu.

Ilipoisha nilimsimulia mume wangu habari za Jalil. Akaniuliza kama niliogopa siku zile za risiti za mbolea. Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana nilikuwa nafika nyumbani kabla ya magharibi.