Miwani ya kusomea kwa mafundi cherehani: duka dogo la Wandegeya

Kama umevuka arobaini na saa hii unasukuma simu mbali na uso ndio usome meseji, au uzi unakataa kuingia kwa sindano ikifika jioni, usiogope, hujarogwa. Ni lensi ya ndani ya jicho inakakamaa na umri, haijigeuzi tena vizuri kuona vya karibu, na inamkuta kila mtu.

Mimi nashona gomesi, yale magauni ya kitamaduni ya akina mama wa Uganda, na yunifomu za shule hapa Kampala. Miwani yangu nimeitoa kwa duka dogo pale Wandegeya na nawapa nyota nne. Nyota zote ni za yule dada anayepima macho jamani, maana hakunipa kadi ya herufi akamaliza, aliniuliza kwanza unafanya kazi gani, nikamwambia fundi, akasema kaa kama uko kwa mashine, akachukua futi akapima kutoka jicho mpaka mahali sindano ingekuwa, ikaja kama sentimita 55. Akanieleza namba ya miwani, ile plasi yaani nguvu ya lensi, ikipanda kitu lazima kije karibu zaidi, yaani mtu ambaye jicho lake limeishiwa nguvu kabisa, plasi 2.50 inamwonyesha vizuri kwenye sentimita 40, hapo ni sawa kwa kitabu au Kurani lakini kwa cherehani atainama mpaka shingo imuue. Mimi akanipa plasi 1.50. Sasa uzi mweusi kwa kitambaa cheusi nauona, hata usiku.

Alafu akanipima presha ya macho, kwa sababu ikipanda inaweza kuleta glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa jicho, na huo unakula macho pole pole bila kuuma na kilichopotea hakirudi. Hilo muuza miwani wa barabarani hawezi kukufanyia, na zile zake macho yote mawili ni namba moja, wakati wengi wetu macho hayalingani.

Nililipa elfu 60. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya fremu, skrubu za pembeni zinalegea haraka.

Chukueni ile nusu fremu yenye lensi fupi, mteja unamwangalia kwa juu yake, maana ukitazama kupitia lensi za kusomea, hata ukitoka kutafuta boda, vya mbali vyote ni ukungu. Baifoko zipo pia, zile za juu mbali na chini karibu, na progresivu zinazofanya hivyo hivyo bila mstari ila hizo bei iko juu na kwa ngazi zinasumbua mpaka uzoee.

Jumapili wanafunga. Ukienda beba kitambaa chako na sindano upimiwe navyo pale pale.