Chumba namba 18 cha British Museum: mawe ya Lord Elgin

Anayetaka kuyaelewa maisha ya Lord Elgin aende Chumba namba 18 cha British Museum, London, ambako kiingilio ni bure na hakuna anayekuharakisha. Nilikaa humo saa mbili nzima, na nilifurahi kwamba nilikuwa nimesoma habari zake kabla ya kwenda, kwa sababu sanamu zile za Parthenon, hekalu la kale la Athens, bila habari za balozi aliyezileta ni nusu ya kisa.

Thomas Bruce alizaliwa mwaka 1766 katika ukoo wa makabaila wa Scotland, akarithi cheo cha Earl wa 7 wa Elgin akiwa na takriban miaka 5, na mwaka 1799 akapelekwa Istanbul kuwa balozi kwa Sultani wa Uthmaniya, aliyekuwa akiitawala Ugiriki. Mwanzoni alikusudia tu wachoraji wachore magofu ya Athens na mafundi wayatolee nakala za plasta. Ila mwaka 1801, Waingereza walipowatoa Wafaransa Misri, balozi wao akawa mtu wa kuenziwa na Sultani, na hati ya ruhusa iliyotolewa mwaka huo, ambayo leo imebaki kwa tafsiri ya Kiitaliano tu, ikafasiriwa kwa upana mno, hata watu wake wakaikata kwa misumeno migongo ya mawe ya Parthenon ili yawe mepesi kusafirisha.

Faida hakuiona. Meli yake, Mentor, ilizama karibu na kisiwa cha Kythera mwaka 1802, na wazamiaji walihangaika takriban miaka miwili kuopoa shehena. Yeye mwenyewe alizuiliwa Ufaransa tangu 1803 hadi 1806, ndoa yake ikavunjika mwaka 1808, na mwaka 1816 Bunge la Uingereza likayanunua mawe kwa pauni 35,000, chini ya nusu ya gharama alizodai. Waliopiga kura ya ndiyo walikuwa 82 na waliokataa 30; Wagiriki hawakuulizwa.

Sanamu zenyewe zimetunzwa kwa heshima. Kichwa cha farasi wa Selene, mungu wa mwezi, ndicho kilichonisimamisha muda mrefu kuliko vyote: macho yamemtoka, pua zimetanuka, kinywa ki wazi na taya limening'inia nje ya ukingo, kama mnyama aliyevuta gari usiku kucha na sasa hana tena pumzi. Katika upande wa kusini wa ukanda, yaani safu ndefu ya mawe yaliyochongwa maandamano, yupo pia ng'ombe anayepelekwa kutolewa kafara, amenyoosha shingo juu analia.

Kasoro ninayoiona ni ya mpangilio. Ukanda uliozunguka jengo kwa nje hapa umegeuziwa ndani ya ukumbi, na ni mita zipatazo 75 tu kati ya 160, kwa hiyo maandamano yanakatika kila mara. Anayeweza kumudu safari ya pili aende Makumbusho ya Akropoli, Athens, yaliyofunguliwa mwaka 2009. Kiingilio chake hulipiwa, lakini ghorofa ya juu ina kuta za vioo zinazoelekea Parthenon yenyewe, na mahali pa vipande vilivyoko London pamewekwa plasta nyeupe. Huko ndiko kiliko kiwiliwili cha Selene, mwenye farasi yule, na kwa maoni yangu farasi arudishwe kwake.