Hukumu ya kifo: jaji wa Nairobi na jaji wa Dar es Salaam

Tuchukue mke aliyepigwa kwa miaka mingi, akamuua mumewe, na mahakama ikamtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Tofauti ya nchi hizi mbili inaonekana hapo.

Kenya, tangu uamuzi wa Mahakama ya Upeo katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu. Anasikiliza kwanza: umri, kama ni kosa la kwanza, majuto, ukatili wa kijinsia. Wakili asiyeandaa hoja hizo anamponza mteja wake. Na tahadhari: mwaka 2021 mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi ule unahusu mauaji tu. Wafungwa wa wizi wa mabavu waliokuwa wakiutegemea wakabaki mikono mitupu.

Tanzania, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji nafasi ya kuchagua adhabu. Mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18 hawanyongwi. Wengine wote, kitanzi, hata jaji akiwaonea huruma. Kwa hiyo utetezi wote unabebwa mapema, kwenye kukasirishwa au kujihami, ili kosa lishuke kuwa kuua bila kukusudia, au mshtakiwa aachiwe. Likishindikana, notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha kwenyewe, ilisema mwaka 2019 kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi.

Kenya haijanyonga tangu 1987, Tanzania tangu miaka ya 1990. Kwa haki ya mshtakiwa, mfumo wa Kenya ni bora, ingawa kitanzi bado kimo sheriani.