Pancha ya mwiba: cha kununua kwanza, na cha kuacha dukani

Naendesha baiskeli Dodoma, na huku mbigili huzipati porini tu. Utazing'oa kwenye soli ya kandambili hata kama umetoka uani kwako. Pancha kwangu imekuwa matumizi ya mwezi, kama vocha ya simu. Vitu vya kuziba pancha nimenunua karibu vyote, vingine nikaishia kuvitupa. Mpangilio huu ni wa mtu mwenye baiskeli ya kawaida, yenye tyubu ndani, aliyepata tundu dogo la mwiba au msumari mwembamba.

Kabla hujatoa hela, hakikisha ni pancha kweli. Baiskeli nyingi za saizi 28, akina Phoenix na Avon, zina valvu ya kizamani yenye kiraba chembamba kama mrija. Kiraba kikichoka, upepo unavuja usiku kucha na asubuhi unatukana mwiba ambao haupo. Tia mate juu ya valvu. Ukiona mapovu, nunua kiraba cha valvu, pengine ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote dukani, ujaze upepo uende zako.

Namba moja kwangu ni viraka vya kiwandani na solusheni yake, yaani gundi ya kubandikia. Ni ile pakiti ndogo yenye viraka vya duara, kichupa laini cha solusheni na kipande cha msasa. Kiraka kizuri kingo zake zimekonda. Ukipitisha kidole kutoka katikati kwenda pembeni hukuti ngazi. Chenye kingo nene huanza kunyanyuka pembeni, na kikishanyanyuka hakirudi. Ila wengi wanachagua kiraka kwa makini halafu solusheni wanachukua yoyote, wakati kazi yenyewe iko kwenye solusheni. Kiminye kichupa hapo hapo dukani: kikiwa kigumu, au kimebonyea kama hakina kitu, mrudishie mwenye duka. Dawa iliyomo inaruka hewani, na kichupa kilichokwisha kufunguliwa usikitegemee mwezi ujao. Ndiyo maana nanunua vichupa vidogo viwili badala ya kopo. Kopo ni la fundi, yeye analimaliza kabla halijakauka.

Na ukilaumu kiraka, jiulize kwanza kama ulisubiri. Fundi mmoja mzee wa karibu na stendi alinisugulia tyubu kwa msasa mpaka ikapoteza mng'ao, akapaka solusheni eneo kubwa kuliko kiraka, kisha akaiweka gotini na kuanza habari za mpira. Nikamwambia, "Mzee, nachelewa."

"Bado mbichi, mwanangu. Ukibandika sasa hivi, kesho utanirudia."

Akawa anaigusa kwa mgongo wa kidole. Ilipoacha kunata ndipo akakiweka kiraka, akakikandamiza kwa dole gumba kuanzia katikati, akamalizia kwa kukigongagonga na mpini wa nyundo. Tyubu ile imeshaongezwa viraka vingine, lakini kile hakijawahi kuvuja.

Namba mbili, tyubu ya akiba. Hii ni ya safari: unabadilisha njiani, iliyotoboka unaiziba nyumbani ukiwa umetulia. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi kabla ya kwenda dukani. Kuna 26 x 1.95 na kuna 26 x 1⅜, na hizo "26" mbili ringi zake hazilingani. Tyubu inavutika, kwa hiyo tofauti ndogo itakusamehe, lakini iliyo nyembamba ukiilazimisha kwenye tairi pana inabaki dhaifu na kutoboka upesi. Angalia na valvu: nene, ya aina ya pikipiki, haipiti kwenye tundu la ringi lililotobolewa kwa valvu nyembamba za baiskeli za mashindano. Hapo hapo chukua na vijiko vya plastiki vya kutolea tairi. Bisibisi itakuongezea tundu la pili.

Viraka vya kujibandika, visivyotaka solusheni, nimeviweka namba tatu. Vinakaa kwenye pochi na kazi ni dakika mbili. Vya kukufikisha nyumbani, basi. Usijaze upepo kupima tyubu ikiwa nje ya tairi, maana inavimba na kiraka kinavutika mpaka kinabanduka.

Nne ni dawa ya maji ya kumimina ndani ya tyubu kupitia valvu. Anayekatiza mashamba yenye mbigili kila siku angeipandisha juu, na simbishii, kwa sababu inaziba vitundu vidogo vingi bila wewe kushuka kwenye baiskeli. Shida ni pale inaposhindwa: tyubu imeloa, kiraka hakishiki mpaka uifute na kuikausha, na valvu nayo huweza kuziba.

Kipande cha tyubu kuukuu sikipi namba kwa kuwa hakinunuliwi. Mafundi wengi wanakitumia, na kikisuguliwa vizuri, kikapakwa solusheni nzuri, kinashika. Cha kuacha kabisa ni supagluu. Inakauka ngumu kama kucha, na tyubu ni ya kujikunja kila tairi linapozunguka. Inapasuka, na pale ulipopaka panakuwa pabaya hata kwa kiraka halali.

Chochote utakachonunua, mwiba utoe. Pitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima. Kikikwama, upo hapo, ung'oe kwa koleo. Ukiona kwenye tyubu matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka, usitafute mwiba: uliendesha na upepo kidogo, ringi ikaibana tyubu kwenye jiwe, kwa hiyo hela yako ipeleke kwenye pampu. Tairi lenyewe, kama tundu ni la mwiba tu, halihitaji kitu. Likiwa limechanika kiasi cha tyubu kuchungulia, kata kipande cha ubavu wa tairi bovu, ukitie kwa ndani kati ya tairi na tyubu, kingo ukizipunguza kwa wembe zisije zikaikwaruza tyubu.