Kilimanjaro na Ruwenzori: theluji moja, asili mbili

Kilimanjaro, wenye mita 5,895, umejengwa kwa lava: volkano ya Shira ilianza kulipuka takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, zikafuata Mawenzi na Kibo, ambayo kileleni mwake, kwenye kasoko (shimo la volkano) ya Reusch, bado hufuka gesi yenye harufu ya kiberiti.

Ruwenzori, ulioko mpakani mwa Uganda na Kongo, una kilele cha Margherita chenye mita 5,109, lakini si volkano hata kidogo. Ni pande kubwa la miamba ya kale, hasa naisi (mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi), lililoinuliwa katikati ya nyufa za tawi la magharibi la Bonde la Ufa huku ardhi ya kando yake ikididimia. Kwa hiyo miamba yake ni mikongwe kupita ya Kilimanjaro kwa mbali sana, ilhali mlima wenyewe, kwa hesabu za kijiolojia, uliinuka juzijuzi tu. Na kazi haijaisha, maana tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 lilitokea katika ukanda huohuo. Anayetaka kuelewa mpasuko wa ganda la dunia ningemwelekeza Ruwenzori kwanza, ijapokuwa mawingu huuficha sehemu kubwa ya mwaka.