TAHADHARI: Muuza injini za "Japan" hapa Tabora kanipiga 1,150,000, asiwapige na nyie

Ndugu zangu wa Tabora, Uyui, Sikonge na Urambo, naandika hii usiku sijalala. Nimepigwa. Mchana nilishindwa hata kumsimulia mama, nikamwambia gari liko kwa fundi basi.

Lile gari la mzee, mnaolijua mnalijua, Corolla AE100, niliapa halitauzwa hata liozee uani. Tangu Januari injini ilikuwa haifai tena, fundi akanipigia hesabu akasema ovahoo ya maana, yaani kuifungua na kuitengeneza yote, itakula hela kuliko kutafuta injini nyingine nzima ya aina hiyo hiyo, 5A. Nikaanza kudunduliza. Madumu ya asali, zamu yangu ya kikoba, shemeji akaongeza laki mbili. Hela ya jasho kabisa, nilikuwa nakula dagaa wiki nzima ili isiguswe.

Namba ya huyu mtu nilipewa pale stendi. Nikapiga, akaanza na "mwangaluka kaka", mpole, anauliza gari, anauliza nalitumia kazi gani, nikamwambia nabeba asali kutoka Sikonge, akasema basi wewe unataka injini isiyokuaibisha porini. Hapo tu moyo ulishalainika.

Nilifika kama saa tisa mchana. Fundi wangu alikuwa msibani Urambo, na huyu jamaa keshanipigia mara mbili kwamba kuna mtu wa Nzega anatuma hela kabla ya saa kumi na moja, nisipowahi nisimlaumu. Nikaenda peke yangu. Bandani injini nne ziko juu ya matairi, yangu imefunikwa nailoni, akaifunua taratibu kama anamfunua mtoto aliyelala. Inang'aa, rangi ya silva kote, ubavuni maandishi ya Kijapani kwa kalamu ya njano. Akasema imeshuka bandarini Dar, gari lake liligongwa nyuma, mbele hakukuguswa. Kijana wake akaunga betri na kontrolboksi (kompyuta ya injini), akaleta petroli, jamaa akaniambia washa mwenyewe kaka, usije ukasema nimekufanyia mazingaombwe. Nikawasha. Ikapokea hapo hapo, tulivu, haitikisiki. Akatoa sarafu ya mia mbili akaisimamisha juu ya kava, sarafu ikasimama kabisa jamani, nimeiona kwa macho yangu haya. Nikaweka kiganja juu ya injini nikahisi moto, nikauliza mbona ya moto na ndo tumewasha sasa hivi, akajibu "niliipasha kukuandalia". Nikakubali. Nikataka kukanyaga mafuta kidogo nisikie, akanishika mkono, haina rejeta ya kuipoza hiyo kaka utaiunguza. Nayo nikaona ina akili, maana kweli rejeta haikuwepo.

Nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili safi, ya njano, nzito, inashuka taratibu kama asali inavyokataa kuacha kijiti. Mimi naijua asali tangu utoto, nikiona kitu kinashuka vile najua kinazuia nini na kinaficha nini, ila siku ile kichwa kiliniambia oili nzito ndo oili nzuri.

Alafu adhana ya alasiri ikapigwa, akaacha kila kitu akaenda kuswali, akaniacha na kijana na vitu vyake vyote. Nikasema mtu huyu hawezi kuniibia. Aliporudi nikatuma laki nane kwa simu, laki tatu na nusu nikahesabu mkononi. Akanipa karatasi ya daftari, "5A moja imelipwa", basi. Hakuna muhuri, namba ya injini hakuna, risiti ya EFD ndo usiulize. Garantii wiki mbili, kwa mdomo. Na akanisisitiza: oili nimeweka mpya, usimwage mpaka ufike kilometa elfu moja. Fundi aliporudi alitaka kuimwaga, mimi ndo nikamkatalia.

Siku ya tisa, njia ya Sikonge, miombo kulia miombo kushoto, injini ikaanza kugonga. Ko ko ko ko, alafu mlio mmoja mkubwa ikazima, nyuma moshi wa bluu. Nimelala barabarani na madumu sita ya watu.

Fundi aliifungua mbele yangu. Ilikuwa na oili ya difu, ile nzito ya 140 ya gia za ekseli, siyo ya injini, ukiinusa tu harufu yake kali unaijua, imewekwa kuziba makelele. Beringi ya kon rodi moja (mkono unaoshika pistoni) imekaziwa kipande cha kopo la soda kimekunjwa. Bloku ina ufa umepakwa gamu na kupigwa rangi juu, na penye namba ya injini pamesagwa na grainda. Sasa hata ningetaka kubadilisha kadi ya gari niende na namba gani? Na ikiwa ni injini ya wizi je, si mimi ndo ninayekamatwa?

Nikampigia. "Fundi wako kaiharibu." Mara ya pili hakupokea, ya tatu nimeblokiwa. Nimeenda bandani, kijana anasema bosi kasafiri Kahama, injini tatu zilizobaki nazo hazipo. Nimeshapata wenzangu wawili, mmoja giaboksi, mmoja injini kama yangu, wa Urambo huyo, na ye aliambiwa asimwage oili.

Kwa hiyo ukikuta injini imepashwa moto kabla hujafika, rangi mpya, namba haisomeki, unakatazwa kumwaga oili, ondoka. Fundi wangu anasema injini ipimwe kompresheni kwanza, yaani mgandamizo ndani ya silinda, 5A silinda yoyote ikiwa chini ya psi 140 hiyo ni chuma chakavu. Mwaga oili pale pale, nunua mpya mwenyewe.

Jina silitaji maana RB ya polisi nimeshachukua na sitaki apate pa kujificha aseme nimemchafua, anayetaka kumjua aje inboksi. Ila huyu mtu afungwe. Afungwe na banda lake lifungwe, injini zote zikaguliwe namba moja moja, na hela za watu azirudishe mbele ya mwenyekiti wa mtaa watu wakiangalia. Kuna mama mmoja kanishauri tumsomee albadiri, nimekataa, mimi nataka mahakama. Wenzangu mliopigwa jitokezeni na meseji zenu za kutuma hela msizifute. Ukimuona Kahama, Nzega, popote, piga picha ya injini zake unitumie.